Mpira na masomo: kuchagua chuo cha Marekani chenye udahili mkali, ukianzia Mombasa

Mwanafunzi wa Mombasa anayecheza mpira vizuri na kushika nambari za juu darasani huambiwa mambo mawili: Marekani kuna skolashipu za mpira, na atafutiwe ajenti. Kwa vyuo tunavyovizungumzia hapa, yote mawili humpeleka siko. Katika vyuo vingi vyenye udahili mkali zaidi, mpira haulipi karo. Mpira humfanya kocha alitaje jina lako katika ofisi ya udahili, na karo hulipwa na chuo baada ya kupima uwezo wa mzazi. Kwa hivyo kuchagua chuo ni kutafuta mahali ambapo alama zako zinatosha, kocha ana sauti, na fedha zinafika hadi mwisho. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havitakufaa.

Vyuo vimepangwaje kimchezo

Michezo ya vyuo husimamiwa zaidi na NCAA, yenye divisheni tatu. Divisheni ya Kwanza na ya Pili huruhusu ufadhili wa michezo. Stanford, Duke, Notre Dame, Georgetown na Northwestern ziko Divisheni ya Kwanza na zina masomo makali. Vyuo vinane vya Ivy League (Harvard, Yale, Princeton, Brown, Columbia, Cornell, Dartmouth na Pennsylvania) navyo viko Divisheni ya Kwanza, lakini havitoi hata senti moja kwa sababu ya mpira. Divisheni ya Tatu hairuhusiwi kabisa kutoa ufadhili wa michezo.

Na huko Divisheni ya Tatu ndiko viliko vyuo vingi unavyopaswa kuvitazama. Ligi ya NESCAC ina vyuo 11 vya kaskazini mashariki, vikiwemo Williams, Amherst, Bowdoin, Middlebury, Tufts, Wesleyan, Colby na Bates. Ligi ya UAA ina Chicago, Emory, Carnegie Mellon, Washington University ya St. Louis na NYU. Swarthmore, Haverford na Johns Hopkins hukutana katika ligi ya Centennial. MIT ni Divisheni ya Tatu. Pomona na Pitzer huunda timu moja. Kwa wasichana, ongeza Wellesley, Smith, Mount Holyoke na Bryn Mawr, vyuo vya wanawake vyenye timu za mpira na masomo ya hali ya juu.

Asikudanganye mtu kwamba Divisheni ya Tatu ni mpira wa kujifurahisha. Tufts ilitwaa taji la taifa la wanaume la divisheni hiyo mwaka 2014, 2016, 2018 na 2019. Chicago ililitwaa mwaka 2022 chini ya Julianne Sitch, mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume kushinda taji la soka la NCAA. Mpira wenyewe ni wa kasi na nguvu, msimu ni kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba, na mechi mara nyingi ni mbili kwa wiki. Aliyezoea kukaa na mpira mguuni akitafuta chenga ya tatu huko hupata taabu.

Timu nyingi za wanaume za Divisheni ya Kwanza husajili wageni waliopitia akademia za klabu, vijana wenye umri na misuli. Kijana anayetoka moja kwa moja mashindano ya shule za upili atapata nafasi ya kweli zaidi Divisheni ya Tatu, au katika Ivy chache ikiwa kweli anacheza juu ya wenzake. Kwa wasichana ushindani wa wageni ni mdogo kidogo, ila shida yao ni kwamba mechi zao huku hazirekodiwi. Tutaifikia. Na kila unapotafuta au kujaza fomu, andika soccer, maana huko football ni mchezo wa helmeti, na utajikuta katika orodha yake.

Fedha kwanza, kocha baadaye

Gharama ya mwaka mmoja katika vyuo hivi, pamoja na malazi na chakula, imepita dola 80,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 10. Ndiyo maana orodha yako ianze kwa swali la fedha, si la jezi.

Vigawanye vyuo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni visivyotazama mfuko wa mgeni, yaani mwanafunzi wa nje ya Marekani, wakati wa kuamua, na vikishakukubali hulipa pengo lote kati ya gharama na uwezo wa mzazi: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth, Brown, Amherst na Bowdoin. Fungu la pili hutazama mfuko, maana kuomba fedha nyingi kunaweza kukupunguzia nafasi, lakini anayekubaliwa hulipiwa hitaji lake lote. Humu mna Williams, Swarthmore, Pomona, Middlebury, Wesleyan na Macalester. Fungu la tatu ni vyuo vyenye jina ambavyo mgeni hapati fedha za kutosha. Vyuo vikuu vya umma vya California, kama Berkeley na UCLA, ni mfano: mgeni hapewi msaada wa kupimwa uwezo. Familia isiyo na mamilioni ivifute hivi mapema, hata kocha akiandika maneno matamu kiasi gani.

Kosa linalowagharimu watu ni kuficha hitaji la fedha wakati wa kuomba, kwa matumaini ya kuomba baadaye. Vyuo vingi havimruhusu mgeni aliyeingia bila msaada kuomba msaada miaka inayofuata. Omba tangu mwanzo, na umwambie kocha tangu mwanzo.

Fomu ya fedha kwa vyuo vingi ni CSS Profile. Vyuo vingi hutaka mapato ya wazazi wote wawili, hata kama wameachana. Mwenye ajira atoe hati za mshahara na ripoti ya kodi ya KRA. Mzazi mwenye kibanda Kongowea, anayeendesha tuktuk au anayevua samaki hana hati hizo. Aandike barua fupi inayoeleza biashara na mapato ya wastani kwa mwezi, aambatanishe taarifa ya M-Pesa ya miezi 12, na barua ya chifu inayothibitisha. Shamba la ukoo Kwale au Kilifi litajwe na lielezwe kuwa ni la ukoo na haliuzwi. Hesabu za fomu zikipingana na za barua, faili husimama. Fomu hulipiwa, kwa hivyo kabla ya kulipa kiandikie kila chuo ukiomba msamaha wa ada. Vingi hutoa nambari maalumu ya kuingizia, au hukuruhusu kutumia fomu nyingine isiyolipiwa.

Alama

KCSE hupimwa kwa masomo saba, pointi 84. A ya wastani ni pointi 81 hadi 84, A- ni 74 hadi 80, B+ ni 67 hadi 73. Kwa vyuo hivi, lenga A au A- ya juu, hesabu ikiwa A. Mchezaji anayeungwa mkono na kocha anaweza kuingia akiwa chini kidogo ya wenzake, lakini "kidogo" hapo ni kidogo kweli. B ya wastani haiokolewi na mabao.

Maofisa wa udahili hutazama pia ripoti za muhula tangu kidato cha kwanza. Mwanafunzi aliyeporomoka muhula wa pili kila mwaka, wakati wa mashindano ya mpira, ameshawaonyesha atakachofanya Septemba na Oktoba akiwa chuoni. Hilo hulisoma haraka.

SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, sasa hufanywa kwa kompyuta, muda wa saa mbili na dakika 14, alama ya juu 1600. Harvard, Dartmouth, Brown, MIT na Caltech zimeurudisha kuwa wa lazima. Bowdoin haijaulazimisha tangu mwaka 1969. Hata pasipo lazima, mchezaji kutoka shule isiyojulikana Marekani aufanye: kocha anahitaji namba moja ya kuonyesha ofisi ya udahili. Wengi wanaokubaliwa wakituma alama huwa juu ya 1450. Jiandikishe miezi mitatu kabla, maana viti vya Kenya hujaa, na usipopata kituo Pwani itabidi ulale Nairobi usiku wa kuamkia mtihani. Usipande basi la usiku ukaingia mtihanini asubuhi hiyo hiyo.

Mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au Duolingo husamehewa na vyuo vingi kwa aliyesomeshwa kwa Kiingereza shule ya upili. Soma ukurasa wa chuo kabla ya kulipa.

KCSE ya mwisho itafanywa mwaka 2027. Walioingia gredi ya 10 wanachagua mikondo, na mchezaji huvutwa na mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Kwa vyuo hivi tunashauri mkondo wa STEM, au angalau kuichukua hisabati ile nzito. Vyuo hutaka kuona hisabati ngumu hata kwa anayekwenda kusoma historia.

Njia mbili za kalenda

Hapa ndipo mwaka wa Kenya na wa Marekani hugongana. Ombi la mapema lenye kufunga, linaloandikwa ED kwenye fomu, hufungwa tarehe 1 au 15 Novemba. Ukikubaliwa unakwenda, na maombi mengine unayaondoa. Makocha wa Divisheni ya Tatu hutumia nguvu zao nyingi katika ED. Na mwanzo wa Novemba mtahiniwa wa KCSE yumo chumba cha mtihani.

Njia ya kwanza ni kuomba ukiwa kidato cha nne. SAT iwe imekwisha kufikia Agosti. Insha, barua za walimu wawili na Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, zimalizike likizo ya Agosti, kabla ya mitihani ya vitendo ya Oktoba kuanza. Wewe utaomba kwa ripoti za shule na mtihani wa mwigo, na KCSE utaipeleka ikitoka. Faida yake ni kuanza chuo Agosti inayofuata. Ukishindwa kumaliza kwa wakati, kuna duru ya pili ya ED inayofungwa mwanzo wa Januari, KCSE ikiwa imekwisha, ingawa kufikia hapo makocha wengi wamekwisha tumia nafasi zao nzuri.

Njia ya pili ni kusubiri matokeo, halafu uombe Novemba ya mwaka unaofuata. Wakenya wengi hufuata hii, na mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na John Manners na Mike Boit ukiwaunganisha wanafunzi hodari wa Kenya na vyuo vya Marekani, huchagua vijana baada ya KCSE. Una matokeo kamili mkononi na muda wa SAT. Hasara ni kwamba kutoka KCSE hadi darasa la kwanza ni takriban miezi 21, na kanuni za NCAA zinaweza kukukata msimu kwa mashindano rasmi uliyocheza baada ya muda wa neema kupita. Kwa hivyo andika kila ligi uliyocheza na tarehe zake, umpe kocha orodha hiyo kabla hajakuuliza.

Kwa mwenye A ya uhakika tangu kidato cha pili, njia ya kwanza ni bora. Kwa anayepanda polepole, asubiri.

Kutengeneza orodha

Anza na vyuo 25 hadi 30, umalizie na 8 hadi 10. Common App yenyewe hairuhusu zaidi ya 20. Kwa kila chuo fungua ukurasa wa kikosi, wenye mwaka wa masomo, nafasi na mji wa kila mchezaji. Hesabu wachezaji wa nafasi yako watakaokuwa wamehitimu ukifika. Ikiwa wewe ni kiungo mkabaji na chuo kina viungo wakabaji watatu wa mwaka wa kwanza, kocha hakuhitaji hata akikupenda. Kikosi cha watu 35 kina watu wasiocheza dakika hata moja, basi tazama takwimu za dakika na mechi. Tazama kama kuna wachezaji kutoka Afrika, na kocha amekaa miaka mingapi. Kocha anayehama Desemba huondoka na ahadi zake.

Kisha jiulize: nikivunjika goti wiki ya pili, nitabaki hapa miaka minne nikiwa na furaha? Kama jibu ni hapana, kifute. Tazama kama kuna shahada unayoitaka. Vyuo vingi vidogo havina uhandisi kamili, ingawa Swarthmore na Tufts vinao. Maabara za sayansi huwa mchana na mazoezi jioni, kwa hivyo anayetaka udaktari amuulize kocha wachezaji wake wangapi wanasoma biolojia au kemia.

Mahali nako kuna uzito kwa kijana wa Pwani. Bowdoin, Colby na Bates ziko Maine, ambako theluji hukaa miezi. Lakini Bates iko Lewiston, mji wenye jamii kubwa ya Wasomali, maduka ya halali na misikiti, na timu ya shule ya upili ya mji huo ilitwaa taji la jimbo mwaka 2015 ikiwa na vijana wengi wa Kisomali, baadhi yao waliopitia kambi za Dadaab. Macalester iko St. Paul, Minnesota, kwenye jamii nyingine kubwa ya Wasomali. Mzazi anayehofia chakula na swala ya Ijumaa amwandikie mshauri wa wanafunzi Waislamu wa chuo husika, si kocha. Msichana anayecheza na hijabu asihofu: FIFA iliidhinisha mwaka 2014, na wapo wanaoivaa katika mpira wa vyuo.

Video, mahali ambapo wengi huanguka

Kocha hatakuja Tononoka. Atakachokiona ni video, na dakika ya kwanza ndiyo itakayoamua kama ataona ya pili.

Rekodi mechi nzima, si vipande, kwa angalau mechi nne. Simu nzuri yenye 1080p inatosha. Dakika 90 zinaweza kula GB 6 hadi 12, basi futa nafasi mapema na ubebe pawabenki. Weka simu kwenye stendi ya miguu mitatu karibu na mstari wa kati, mita tatu hadi tano juu ya ardhi. Mbaraki kuna jukwaa. Kwenye viwanja vya mtaani panda juu ya kenta au paa la nyumba ya jirani, kwa ruhusa. Ukirekodi ukiwa umesimama chini, wachezaji hufunikana na kocha haoni nafasi iliyoko nyuma ya beki, na hiyo ndiyo anayoitafuta.

Mechi zetu huanza saa kumi jioni, jua likielekea magharibi. Kaa upande wa magharibi wa uwanja, jua likiwa mgongoni mwako. Ukikaa mashariki utapata vivuli vyeusi vinavyokimbia. Pangusa lenzi kila kipindi, maana chumvi ya bahari na vumbi hutengeneza ukungu. Mpiga picha afuate mchezo kwa upana wa takriban theluthi ya uwanja, asivute karibu kila unapogusa mpira. Asishangilie. Makocha wengi huzima sauti, ila wasiozima husikia kila kitu. Timu zisivae rangi zinazofanana, na nambari yako isomeke. Nambari ya tepu mgongoni hubanduka kwa jasho kipindi cha kwanza.

Timu za wasichana hupangiwa mechi za kwanza, saa nane, jua la utosi, bila mtu wa kamera. Mpe ndugu mmoja kazi hiyo kwa msimu mzima, asiwe mtu mpya kila wiki.

Katika kukata vipande, weka kadi ya sekunde tano: jina, nafasi, mguu, urefu, nambari ya jezi, mwaka wa kuanza chuo, barua pepe. Kisha vipande 20 hadi 25 vya sekunde 8 hadi 12, jumla isizidi dakika tano. Kila kipande kianze sekunde mbili au tatu kabla mpira haujakufikia, ili kocha aone kama uligeuza kichwa kutazama. Weka mshale au duara juu yako mwanzoni mwa kipande, kisha uiondoe. Bora zaidi vitangulie. Beki aonyeshe kukaba mmoja kwa mmoja, mipira ya juu, na pasi ya kutoka nyuma chini ya shinikizo. Winga aonyeshe pia kurudi kukaba. Kipa aonyeshe krosi na mpira wa miguuni, si michupo peke yake. Acha nje danadana, mazoezi, mechi za ufukweni na penalti. Muziki hauhitajiki.

Pakia YouTube kwa mpangilio wa anayepewa kiungo tu ndiye aone, kisha pakia mechi mbili nzima ambazo hukufanya miujiza. Kocha makini ataziomba, na akikuona ukipoteza mpira kisha ukikimbia kuutafuta, umepata zaidi kuliko kwa bao.

Kumwandikia kocha

Anza kidato cha tatu, au Februari baada ya KCSE kwa njia ya pili. Kichwa cha barua pepe kibebe mwaka wa kuanza chuo, nafasi, Mombasa, na alama. Ndani, mistari isiyozidi 12. Wewe ni nani na unasoma wapi. Wastani wako na SAT. Umecheza kiwango gani. Sentensi mbili za kwa nini chuo hicho, zenye kitu ambacho huwezi kukinakili kwa kingine. Kiungo cha video. Jina na mawasiliano ya kocha wako. Na kwamba utaomba msaada kamili wa fedha.

Eleza kiwango kwa maneno ya mgeni. Kocha wa Pennsylvania hajui KSSSA ni nini. Andika kwamba ni mashindano ya kitaifa ya shule za upili, kwamba ulifika hatua ya kaunti, ya mkoa au ya taifa, na kwamba mabingwa huenda mashindano ya Afrika Mashariki. Kama unacheza ligi ya FKF, taja ni daraja la ngapi kutoka juu. Usitie chumvi. Makocha hupigiana simu, na uongo mmoja kuhusu timu ya taifa ya vijana hukufunga milango yote.

Shida ya bweni: simu hairuhusiwi, na kocha akijibu Mei, jibu linasomwa Agosti. Fungua barua pepe maalumu ambayo mzazi au dada anaweza kuifungua. Mwambie kocha waziwazi uko bweni, tarehe za likizo, na kwamba dada atamjulisha barua imefika lakini majibu utaandika mwenyewe. Usimwache mzazi ajibu kwa jina lako, maana kocha huhisi. Usipojibiwa, andika tena baada ya wiki tatu ukiwa na jambo jipya, kama matokeo ya muhula au mechi mpya. Mara tatu kimya, songa mbele.

Barua ya kukualika kambi ya mazoezi ya chuo, yenye bei, si dalili ya kutakiwa. Hutumwa kwa maelfu. Na ajenti anayedai dola elfu kadhaa kukuandikia barua hizi anauza kazi ya wikendi moja. Ofisi ya EducationUSA iliyoko ubalozi wa Marekani, Nairobi, hutoa ushauri kuhusu vyuo.

Usomaji wa awali

Kuanzia Julai ya mwaka unaoomba, kocha wa chuo chenye udahili mkali anaweza kupeleka faili lako kwa ofisi ya udahili wakusome mapema. Atataka ripoti zote tangu kidato cha kwanza, SAT, na masomo unayoyafanya sasa. Ziskani mapema. Ripoti zilizokunjwa mifukoni tangu kidato cha kwanza hazisomeki. Majibu mara nyingi huja kama taa za barabarani: kijani, njano, nyekundu. Kijani bado si udahili. Ni ruhusa ya kuendelea kuzungumza.

Hapa uliza, kwa heshima lakini bila kuzunguka:

- Jina langu liko katika orodha unayoipa uungaji mkono kamili, au utaniandikia neno zuri tu?
- Waliopata usomaji kama wangu na uungaji mkono kama huu, wangapi walikataliwa miaka ya karibuni?
- Hitaji langu la fedha linabadilisha jibu lako? Ofisi ya fedha inaweza kunipa makadirio kabla sijaomba ED?
- Unachukua wangapi wa nafasi yangu mwaka huu, na mimi ni wa ngapi?

Kocha anayejibu la pili na la nne kwa namba ni wa kumwamini. Anayesema "tunakupenda, omba tu" hajakupa kitu. MIT ni tofauti: kocha anaweza kukusemea, lakini hana nafasi zake za kugawa. Ivy League, kwa upande wake, inaweza kumtumia mchezaji barua ya dalili, yaani ya kumwambia kwamba huenda akakubaliwa, kuanzia Oktoba, na hiyo ikitoka ofisi ya udahili ina uzito wa kweli.

ED ni moja tu, na husainiwa na wewe, mzazi na shule. Ipeleke pale penye uungaji mkono kamili na fungu zuri la fedha, hata kama jina lake halijulikani mtaani kwenu. Ikiwa msaada utakaotolewa hautoshi, unaweza kuachiliwa, lakini hilo lifanyike kwa hesabu mbele ya ofisi ya fedha.

Uamatea, umri, majina

Fungua akaunti ya NCAA Eligibility Center, hata kwa Divisheni ya Tatu, kwa ajili ya uthibitisho wa uamatea, yaani kwamba hujacheza kwa malipo. Nauli, chakula na jezi kutoka klabu si tatizo. Mshahara, bonasi na mkataba wa kucheza ni tatizo. Klabu ikitaka usaini fomu ya usajili, isome kama ina malipo, na uhifadhi nakala.

Umri ni jambo ambalo mpira wa shule zetu hulichezea. Tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti, KCSE, kadi ya ligi na pasipoti lazima iwe moja. Ikiwa kadi ya mashindano inakupunguza miaka miwili, itaonekana, na utapoteza udahili pamoja na viza. Majina nayo: Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa na Mohammed kwenye KCSE, au jina la babu linalokosekana kwenye pasipoti. Sahihisha kabla ya kufungua Common App, kisha tumia mpangilio wa pasipoti kila mahali.

Baada ya kukubaliwa

Chuo kitakutumia I-20, hati ya kuombea viza ya mwanafunzi. Lipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, jaza fomu ya viza ya DS-160, lipa ada ya viza dola 185, na upange mahojiano Nairobi mara moja, usisubiri Julai. Viza hiyo ya mwanafunzi, F-1, hukuruhusu kuingia siku 30 kabla ya tarehe iliyo kwenye I-20, na mazoezi ya kabla ya msimu huanza Agosti, kabla ya wanafunzi wengine kufika. Linganisha tarehe hizo mbili, na zikipishana umwombe ofisa wa wanafunzi wa kigeni arekebishe I-20 kabla ya mahojiano.

Fanya pia kipimo cha selimundu (sickle cell) hapa Mombasa, kwa kuwa NCAA hutaka kujua hali ya kila mchezaji kabla ya mazoezi, na Pwani chembe hiyo ni ya kawaida. Kuwa nayo bila ugonjwa hakukuzuii kucheza, lakini benchi la ufundi lazima lijue. Chapisha jibu kwa jina la pasipoti pamoja na kadi ya chanjo, uvibebe mkononi, si kwenye sanduku la kupakiwa. Viatu jozi mbili: vya nyasi za kawaida na vya nyasi bandia, kwa sababu viwanja vingi huko ni vya nyasi bandia na meno marefu huumiza goti.